Mgonjwa wa kolera hanyimwi maji

Goma, toka Birere hadi Majengo, bado utasikia: "Usimpe maji, ataharisha zaidi." Watu wanadhani kolera imetoboa utumbo. Sivyo.

Sumu za kutoboa zipo kweli. Pneumolisini, ya bakteria wa nimonia, hufungua matundu kwenye utando wa seli. Kalsiamu, ambayo nje ya seli ni nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani, inaingia kwa fujo na seli huweza kufa. Sumu ya kolera haitoboi. Inaingia kwenye seli za utumbo na kukwamisha swichi ya kutoa chumvi: kloridi inatoka mfululizo, maji yanaifuata, hata lita 1 kwa saa.

Ila mlango unaoingiza sodiamu pamoja na sukari unabaki mzima, na maji hupita nao. Kwa hiyo mpe SRO, ile poda ya paketi yenye chumvi na sukari inayoyeyushwa kwenye maji. Paketi ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote bila kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Macho yakizama na ngozi ukiifinya ikachelewa sana kurudi, anahitaji serumu ya mshipa.