Wageni wa Baridi na Wenyeji wa Florida: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Pasaka, miji ya kusini-magharibi mwa Florida, hasa Naples na Fort Myers, hujaa watu ambao makao yao ya kudumu yako Ohio, Michigan, New York au Ontario nchini Kanada. Wengi wao ni wastaafu wanaoikimbia theluji; hukaa mwezi mmoja, mitatu au hata sita, kisha hurejea kwao joto linapoanza kuwa kali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walikadiria kwamba wakati wa kilele cha msimu jimbo hilo huwa na wazee wa namna hiyo zaidi ya 800,000. Umati wa kiasi hicho lazima uzue maneno, nayo yamezuka, ya lawama na ya sifa. Kasoro ya mengi kati yake ni kuwazungumzia "wenyeji" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja, ilhali mwenye nyumba, mpangaji na mhudumu wa mgahawa kila mmoja huuona msimu kwa jicho lake.

"Hutumia barabara na hospitali zetu bila kulipa kodi"

Hii ndiyo lawama inayosikika zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Florida haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Katiba ya jimbo inakataza. Hazina ya jimbo hutegemea sana kodi ya mauzo ya asilimia 6, ambayo kaunti nyingi huiongezea kidogo, na anayenunua bidhaa huilipa hata kama ametoka Toronto jana. Anayepanga nyumba kwa miezi sita au pungufu hutozwa kodi hiyohiyo juu ya pango lake, na juu ya hiyo huja kodi ya utalii ya kaunti. Mkazi aliyepanga kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mzima halipi hata moja kati ya hizo mbili.

Kwenye kodi ya majengo tofauti ni kubwa zaidi. Mkazi anayemiliki nyumba na kuishi humo kama makao yake ya kudumu hupewa msamaha unaopunguza thamani inayotozwa kodi. Zaidi ya hapo analindwa na kikomo ambacho wapiga kura walikipitisha mwaka 1992 na kikaanza kutumika 1995: thamani ya nyumba yake kwa ajili ya kodi haiwezi kupanda kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au kwa zaidi ya kiwango cha mfumuko wa bei kama hicho ndicho kidogo. Mgeni wa msimu hapati msamaha huo, kikomo chake ni asilimia 10, na hata hicho hakiigusi sehemu ya kodi inayokwenda shuleni. Nyumba inapouzwa, thamani yake hurudishwa kwenye bei ya soko. Ndiyo maana nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, zikitenganishwa na ua tu, zinaweza kulipiwa kodi zilizopishana mara kadhaa, ikiwa moja ni ya mkazi wa miaka ishirini na nyingine ya mtu wa Michigan aliyeinunua mwaka jana. Mtu huyo wa Michigan huchangia shule ambazo wajukuu wake hawasomi.

Hata hivyo wanaousifu mpango huo kwamba unawalinda wenyeji huruka jambo moja. Nyumba inayopangishwa mwaka mzima haihesabiwi kuwa makao ya kudumu ya mwenye nyumba, kwa hiyo kodi yake huangukia daraja lilelile la nyumba ya mgeni, na mwenye nyumba huiingiza kwenye pango kadiri soko linavyomruhusu. Mpangaji aliyezaliwa Fort Myers na ambaye hajawahi kuhama mji huo hubebeshwa mzigo wa kodi uliokusudiwa watu wasio wakazi. Sheria inamlinda mwenyeji mwenye hati ya nyumba, na sina hakika kama waliopiga kura mwaka 1992 walikuwa wakimfikiria mwingine.

Jibu la kupindukia, kwamba wageni hulipia kila kitu wanachotumia, nalo halisimami. Sheria ya jimbo imeifunga kodi ya utalii kwenye matumizi maalumu, kama vile kuutangaza utalii, kutunza fukwe na kujenga kumbi za mikutano na viwanja vya michezo. Kaunti haiwezi kuichota ipendavyo ili kumlipa mwalimu.

"Mji ulikuwa wetu, wao wameuvamia"

Historia inasema vingine. Naples ilianzishwa katika miaka ya 1880 kama mahali pa mapumziko ya majira ya baridi, na mmoja wa waanzilishi wake, Walter Haldeman, alikuwa mmiliki wa gazeti huko Louisville, Kentucky. Thomas Edison alinunua kiwanja chake Fort Myers mwaka 1885, Henry Ford akawa jirani yake wa msimu mwaka 1916, na nyumba zao hadi leo ni kivutio kikubwa cha mji huo. Upande wa mashariki, reli ya tajiri Henry Flagler ilifika Palm Beach mwaka 1894 na Miami mwaka 1896 ikiwa imebeba matajiri wa kaskazini. Wa kulalamika kwa haki kwamba walivamiwa ni Waseminole na Wakalusa, watu wa asili waliokuwapo kabla yao wote. Isitoshe, si kila gari linaloziba njia mwezi Machi ni la mstaafu, kwani timu za besiboli za Boston na Minnesota hufanya mazoezi yao ya kabla ya ligi Fort Myers kuanzia Februari, na wanafunzi wa vyuo huja likizo wakati huohuo.

"Hutibiwa kwa gharama ya mwenyeji"

Mmarekani aliyetimiza miaka 65 kwa kawaida hutibiwa kwa Medicare, bima ya serikali kuu, ambayo katika mfumo wake wa asili humfuata popote nchini. Mkanada hujinunulia bima ya safari, kwa sababu bima ya mkoa wake hulipa sehemu ndogo sana ya gharama za hospitali za Marekani. Fedha za matibabu kwa sehemu kubwa hazitoki mfukoni mwa mwenyeji.

Anachokipoteza mwenyeji ni nafasi kwenye foleni. Januari na Februari ni msimu wa mafua, nao unakutana na ongezeko la wazee wenye maradhi ya moyo na nyonga. Idara za dharura hujaa, miadi ya daktari bingwa husogezwa mbele kwa wiki nyingi, na hospitali huajiri wauguzi wa muda kwa mikataba ya wiki kama 13. Lakini vilevile, mji wenye wakazi 19,115, kama Naples ilivyohesabiwa mwaka 2020, usingeweza peke yake kuwavutia madaktari bingwa wa moyo wa idadi iliyopo. Mwenyeji anayeumwa mwezi Agosti huwakuta hawana kazi nyingi.

"Serikali inajua tuko wangapi"

Sensa ya Marekani humhesabu mtu mahali anapoishi na kulala sehemu kubwa zaidi ya mwaka. Siku ya sensa ni 1 Aprili, wakati ambapo wageni wengi bado wako Florida, lakini fomu zao huhesabiwa kaskazini. Fedha zinazogawanywa kwa kufuata idadi ya watu hufuata hesabu hiyo. Ni kweli kwamba kaunti kama Collier, ambamo Naples imo, hupanga miundombinu yao kwa kuzingatia idadi ya msimu wa kilele, lakini kupanga ni jambo moja na kugharimia ni jingine.

"Florida ina mvua tele, maji hayawezi kuwa tatizo"

Mvua ni tele, ila huja wakati wageni hawapo. Kusini mwa Florida masika huanza kati ya Mei na Juni na kuisha Oktoba. Kiangazi huangukia Novemba hadi Aprili, yaani msimu wenyewe. Mahitaji hupanda maji ya ardhini yanaposhuka. Hata hivyo mlaji mkubwa ni bustani, si bomba la jikoni, na bustani humwagiliwa kwa mitambo inayojiendesha hata mwenye nyumba akiwa Ohio.

"Wanatuamulia mambo kwa kura zao"

Mtu asiye mkazi kisheria hapigi kura Florida, na kupiga kura katika majimbo mawili kwenye uchaguzi mmoja ni kosa la jinai. Wapo wanaohamisha ukazi wao rasmi kwenda Florida ili kukwepa kodi ya mapato ya kwao huku wakiendelea kukaa kaskazini majira ya joto. Hao hupiga kura kihalali, nao huonyesha jinsi mpaka kati ya mgeni na mwenyeji ulivyo mwembamba.

Mahali ambapo mgeni ana sauti ya kweli ni kwenye jumuiya za wamiliki wa maghorofa. Huko kura huenda na umiliki wa fleti, hata kama mwenye fleti huja wiki sita tu kwa mwaka, na mikutano mikuu mara nyingi hupangwa majira ya baridi ili wapatikane. Jambo hili lilipata uzito mpya baada ya ghorofa la Champlain Towers South kuporomoka huko Surfside tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Sheria ya mwaka 2022 ililazimisha ukaguzi wa majengo ya kuanzia ghorofa tatu yanapotimiza miaka 30, na ikawaondolea wamiliki ruhusa ya kukwepa kuweka akiba ya matengenezo ya msingi. Mwaka 2025 masharti yalilegezwa kidogo. Michango ya wamiliki imepanda sana. Kwa mwenye nyumba mbili, hesabu hiyo huishia kwenye swali la kama aiuze hii ya pili. Kwa mjane anayeishi humo mwaka mzima kwa pensheni, hakuna nyumba nyingine ya kurudi.

"Wasipokuja, wenyeji watapumua"

Mwenye nyumba asiyefanya biashara pengine atapumua: barabara itapitika na meza ya mgahawa itapatikana. Kimbunga Ian kilionyesha upande mwingine. Kilipiga pwani ya kaunti ya Lee tarehe 28 Septemba 2022, wakati wageni wengi walikuwa bado kaskazini, na kikaifagia Fort Myers Beach, mji ulio kisiwani. Msimu uliofuata hoteli nyingi za kisiwa hicho hazikuwa na chumba cha kupangisha, na wahudumu na wasafisha vyumba, ambao wengi husafiri kila siku kutoka maeneo ya bara kama Lehigh Acres kwa kushindwa kumudu pango la karibu na bahari, walikosa kazi. Mwaka 2025, safari za Wakanada kwenda Marekani zilipopungua sana kutokana na mgogoro wa kisiasa na kibiashara, hofu iliwashika kwanza watu wa kada hiyohiyo, wanaoishi kwa bakshishi za miezi minne na kujibana miezi minane. Wakiachishwa kazi, mafao ya ukosefu wa kazi ya Florida hayazidi dola 275 kwa wiki, na ukosefu wa ajira jimboni ukiwa mdogo hulipwa kwa wiki 12 tu, yaani dola 3,300 kwa jumla.