Kupima tumbo maana yake nini?

Mtu akiambiwa hapa Moshi "nenda kapime tumbo", mawazo yanakwenda maabara: atoe damu, atoe choo, pengine apigwe altrasaundi. Kwa daktari na muuguzi, kupima tumbo huanza mapema zaidi. Ni kumsikiliza mwenye tumbo lake, kisha kulitazama, kulisikiliza, kuligonga na kulibonyeza kwa mkono. Mashine huja baadaye, kujibu swali ambalo mkono umeshaliuliza.

Swali la kwanza ni: linauma wapi? Mama akiweka mkono kwenye chembe cha moyo na kusema linaunguza usiku au akiwa na njaa, hapo vidonda vya tumbo vinafikiriwa, hasa kama amemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo kwa wiki nyingi. Vidonda vingi pia huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kumgundua. Maumivu yakianzia kitovuni, kisha yakahamia chini upande wa kulia, kidole tumbo kinashukiwa. Yakija kwa kusokota na kuachia, tumbo limejaa, mtu anatapika, hapati choo wala hajambi, huenda utumbo umeziba au umejisokota. Anayeshinda kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini au Chekereni ataulizwa habari za kichocho. Mwanamke ataulizwa hedhi yake ya mwisho, na asione anachunguzwa mambo yake: mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua haraka.

Kisha mgonjwa analala chali, magoti yamekunjwa kidogo ili misuli ilegee. Kifuani daktari hugusa na kugonga kabla ya kusikiliza. Tumboni anageuza utaratibu, anasikiliza kwanza, kwa sababu kulibonyeza kunaweza kuubadilisha mlio wa utumbo. Tumbo lililo kimya kabisa ni habari mbaya. Akiligonga kwa vidole, penye gesi hulia kama ngoma. Penye maji au kiungo kigumu sauti hufifia. Ndivyo ini au bandama lililovimba linavyoanza kujulikana kabla ya picha yoyote.

Kubonyeza huanzia mbali na panapouma. Ukianza penyewe, mgonjwa anakaza tumbo lote na hutajua chochote tena. Na mpimaji mzuri haangalii mkono wake, anaangalia uso wa mgonjwa, maana uso husema kabla ya mdomo. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au mkono ukiachia ghafla maumivu yakazidi, utando unaozunguka ndani ya tumbo umeathirika na kuvimba, na huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali yenye upasuaji saa hiyohiyo. Kuna swali moja nalipenda sana: "Ulipokuwa kwenye bodaboda, matuta yalikuumiza?" Mwenye kidole tumbo kilichovimba hukumbuka kila tuta alilopita.

Si kila maumivu ya chembe cha moyo ni ya tumbo. Mshtuko wa moyo huweza kujificha hapo, hasa kwa mzee au mwenye kisukari, akatoka jasho na kichefuchefu huku watu wakimtafutia dawa ya gesi.

Linaloniuma ni ile njia ya mkato: tumbo limeuma, kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal kimesoma, basi "una taifodi". Widal hupima kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na hizo zaweza kubaki mwilini tangu ugonjwa wa zamani au kutokana na maambukizi mengine. Peke yake haitoshi. Nimeona watu wakimaliza dozi mbili tatu za antibayotiki huku kidonda kikiendelea kuvuja damu, choo cheusi kama lami, na hakuna aliyewahi kuwauliza rangi ya choo.

Kwa hiyo ukiandikiwa dawa ya tumbo kabla mkono haujagusa tumbo, uliza kwa heshima: "Daktari, hutanibonyeza kwanza?"