Omake si sura ya kujazia

Juzi nimelisikia tena neno omake likitumiwa vibaya. Tulikuwa tumekaa watu watano tunazungumzia manga za vampaya, yaani hadithi za katuni za Kijapani za wanyonya damu, zile za majumba ya mawe, mishumaa na makaburi yenye ukungu. Mmoja akasema juzuu aliyoimaliza ni nzuri, ila mwishoni "wameweka omake, zile sura za kujazia, unaweza kuziruka." Wengine wakaitikia. Hazikupita dakika kumi, mwingine akalitumia neno hilohilo kinyumenyume: mhusika fulani lazima anampenda fulani, "iko kwenye omake, kwa hiyo imethibitishwa." Meza moja, neno moja, makosa mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Sikutaka kumkatiza mtu, lakini nimelala nalo na kuamka nalo, na naona bora niliandike.

Omake ni nyongeza. Ni kurasa mbili tatu za mwisho, au mchoro uliofichwa chini ya jaketi la kitabu, au maneno ya mwandiko wa mkono pembeni mwa ukurasa, ambayo mchoraji anampa mnunuzi wa juzuu juu ya ile hadithi aliyoilipia. Mara nyingi ni ya kuchekesha. Hiyo ndiyo maana yake, na ningeishia hapo kama neno lenyewe lisingekuwa na asili nzuri kiasi hiki.

Ile "o" ya mwanzo ni kiambishi cha adabu ambacho Wajapani hukitanguliza kwenye maneno mengi. Kinachobaki, "make", kinatokana na kitenzi makeru, na makeru maana yake ni kushindwa. Timu iliyofungwa imefanya makeru. Lakini kitenzi hichohicho ndicho mnunuzi anachomwambia muuzaji anapotaka apunguziwe: makete, yaani nipunguzie, neno kwa neno "kubali kushindwa". Muuzaji akilegeza bei, ameshindwa. Asipotaka kulegeza bei lakini akatupia kitu kidogo juu ya mzigo, hapo pia ameshindwa, na hicho kitu kidogo ndicho omake. Siku hizi neno huandikwa kwa herufi nyepesi za hiragana, lakini herufi ya Kichina ya kitenzi hicho, 負, kwa juu ina mtu na kwa chini ina ganda la kauri, na kauri zilikuwa fedha huko China ya kale kama zilivyokuwa fedha Buganda na sehemu nyingine za huku kwetu. Herufi hiyo hubeba pia maana ya kujitwika mzigo na ya kuwa na deni. Mtu aliyejitwika hasara: ndivyo muuzaji anavyochorwa ndani ya neno.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Sisi nasi tuna kushindwa sokoni, ila tumekuweka upande wa pili. Mnunuzi anarudisha kitambaa mezani na kusema "bei imenishinda." Kwetu anayeshindwa ni mwenye mfuko, kwa Wajapani ni mwenye mali. Lakini kile kitendo cha mwisho, kutupia kidogo juu ya kipimo, tunacho kilekile. Muuza nyanya akishakupangia fungu unamwambia "niongeze," naye anachukua nyanya moja au mbili, pengine zile ndogo, anaziweka juu. Ile ni nyongeza, na Waganda nao huiita enyongeza. Anayeijua nyongeza anaijua omake tayari. Nyanya ile ya juu haijazi pengo lolote katika fungu, maana fungu lilikuwa limekamilika kabla yake, na bei yake ilikuwa imeshapatana. Wala hakuna anayehesabu nyanya ya nyongeza ili kupima kama fungu lilikuwa la haki.

Huko Japani neno lilitoka sokoni likaingia madukani kwa njia ya pipi. Kampuni ya Glico ya Osaka ilianza kuuza karameli zake mwaka 1922, na baada ya muda ikaanza kutia ndani ya boksi kadi, kisha vidude vya kuchezea. Watoto wa vizazi vingi wamekua na ile omake ya Glico, na wapo waliokuwa wakiililia boksi kwa ajili ya kidude, karameli ikawa jambo la baadaye. Neno lilishakuwa na harufu hiyo ya utoto na ya zawadi lilipofika kwenye manga.

Kwenye manga lilifika kwa sababu za kiwandani kabisa. Manga nyingi hutoka kwanza jaridani, sura moja kwa wiki au kwa mwezi, kwenye karatasi ya bei rahisi, zimebanana na hadithi nyingine nyingi. Baadaye sura hukusanywa kuwa juzuu, ambayo Wajapani wanaiita tankobon. Kumbuka basi kwamba anayenunua juzuu huenda ameshaisoma hadithi yote. Mwaka 1974 shirika la Shogakukan lilitoa juzuu ya kwanza ya manga ya vampaya ya Hagio Moto kuhusu ukoo wa Poe, ambayo wasomaji walikuwa wakiifuata jaridani tangu 1972, na nakala 30,000 za mwanzo zikaisha ndani ya siku tatu. Wengi wa walionunua walikuwa wanamjua Edgar, yule mvulana asiyezeeka, na wanajua yaliyompata. Walinunua ili wawe naye nyumbani. Mtu wa namna hiyo ndiye mchoraji anayetaka kumwongezea kitu.

Na nafasi ya kumwongezea ipo. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa. Ukiikunja mara tatu unapata kurasa 16. Sura za hadithi hazilingani na mikunjo hiyo, hivyo mwishoni hubaki kurasa chache tupu. Tena kwenye majarida ya wasichana, kama LaLa ambamo Vampire Knight ya Hino Matsuri ilitoka kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2013, mchoraji huacha robo ya ukurasa kwa ajili ya tangazo. Juzuu ikichapwa, tangazo halipo tena na robo ile imebaki wazi. Wachoraji wakaanza kuziandikia robo hizo kwa mkono wao: leo nimeumwa, paka wangu amelala juu ya karatasi, asanteni kwa barua. Halafu kuna jaketi. Juzuu ya Kijapani huvaa jaketi la karatasi linaloweza kuvuliwa, na jalada lenyewe chini yake halionekani dukani, kwa hiyo mchoraji yuko huru nalo. Hellsing ya Hirano Kouta, yenye damu kuliko nyingi, ndiyo mfano ninaoupenda: nje Alucard, yule vampaya mkuu, amekaa kwa kutisha, na ukivua jaketi unakuta upuuzi mtupu wa vichekesho.

Natakiwa nikiri kwamba hapo kwenye kurasa tupu ndipo penye mbegu ya kosa la kwanza. Mtu akisikia kwamba omake inakaa kwenye kurasa zilizobaki, anasema basi si ni kujazia? Hapana. Kujazia, kwa maana tunayoitumia tunapozungumzia katuni hizi, ni jambo la anime, yaani katuni za kutazama. Anime inakimbia kuliko manga inayoifuata; hadithi inaisha kabla mchoraji hajaimaliza; studio inalazimika kutunga yake ili kipindi kisikatike. Anime ya kwanza ya Hellsing, ya 2001, ilikutwa na shida ya namna hiyo: manga ilikuwa bado changa, wakatunga mwisho wao na adui wao, Incognito, ambaye kwenye manga hayupo. Hiyo inafanywa na watu wengine, ndani ya hadithi, na mtazamaji anadaiwa aipokee kama hadithi. Omake inafanywa na mchoraji mwenyewe, nje ya hadithi, na hamdai mtu chochote. Kuiita kujazia ni kumwambia yule mama wa nyanya kwamba ameongeza moja kwa sababu alipungukiwa.

Kosa la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaopenda sana. Wanachukua kichekesho cha fremu nne kutoka ukurasa wa mwisho na kukiweka mezani kama ushahidi. Vampaya wa miaka mia tatu amechorwa kichwa kikubwa, miguu ya mtoto, analia kwa sababu ameishiwa juisi ya nyanya, nao wanasema: unaona, kumbe kwao juisi ya nyanya inatosha. Ukiufuata ushahidi huo hadithi nzima inaanguka, maana mateso ya mhusika yule yote yametokana na kwamba hakuna kinachotosha isipokuwa damu. Mchoraji hakubadili kanuni za ulimwengu wake. Amefungua pazia kidogo, ametoka, ametania na wageni wake, amerudi. Ndiyo maana umbo la wahusika hubadilika kwenye omake: vile vichwa vikubwa ni alama ya kukuonyesha kwamba umevuka mlango.

Nadhani pia ndiyo maana omake hukaa vizuri kuliko kote kwenye hadithi za giza. Kwenye manga ya vichekesho haina pa kutofautiana. Lakini umetoka kusoma kurasa 180 za majeneza na ndugu wanaosalitiana, umefunga kifua, halafu ukurasa wa mwisho maadui wawili wanagombania blanketi. Unapumua. Msibani kwetu pia watani hupewa nafasi yao, na hakuna anayesema utani ule umemvunjia marehemu heshima wala kwamba ni habari mpya za maisha yake.

Kuna jambo linalochangia mkanganyiko, nalo ni neno la jirani: bangaihen. Bangai ni nje ya namba, hen ni sehemu ya maandishi. Ni sura kamili, yenye uzito wake, isiyopewa namba katika mfululizo: utoto wa mhusika, safari ambayo hadithi kuu iliitaja kwa sentensi moja tu. Mara nyingi nayo huwekwa mwishoni mwa juzuu, tena huenda ilitoka jaridani kwanza. Bangaihen unaweza kuijengea hoja, kwa sababu ni hadithi. Vitu hivi viwili vikikaa jirani kwenye kurasa za mwisho, tena mara nyingine chini ya kichwa kimoja, rahisi mtu kuviita vyote omake, na hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika: mmoja anatetea bangaihen, mwenzake anapuuza fremu nne za mzaha, na wote wanatumia neno moja.

Nilirudi kwa yule rafiki aliyesema kwamba omake zinarukika, nikamwomba anionyeshe kitabu. Alichokuwa amekiruka ni kurasa thelathini na kitu za utoto wa yule vampaya, sura ambayo ingemfafanulia kwa nini hathubutu kuingia kanisani. Hiyo, ndugu yangu, ni bangaihen, irudie. Omake ilikuwa ukurasa mmoja baada yake, na nyingine chini ya jaketi ambalo hakuwahi kulivua.