Je, wajua kwa nini ukurasa wa tovuti hugoma kuhama hata ukiuamuru?

Saa nne usiku simu iliita. Jamaa yangu mmoja, anayetengeneza mfumo mdogo wa kikundi cha kuweka na kukopa, hakuwa hata na muda wa salamu. "Kwangu inafanya kazi, kaka. Nimepandisha hewani tu, mwanachama akiweka nenosiri anabaki na ukurasa mweupe pe. Haendi kwenye akaunti yake, harudi kwenye fomu. Seva imenigomea."

Mfumo wake umeandikwa kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995 na ambayo mpaka leo ndiyo inayoendesha WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Amri aliyoitumia kumhamishia mwanachama kwenye akaunti, kila anayejifunza PHP huikuta mapema:

header('Location: /akaunti.php');

Mstari mmoja, hauna ujanja wowote. Mbona ugome?

Ukienda ofisini na karatasi zako, karani wa dirisha la kwanza anaweza kuzitazama kisha akakwambia, "Hii nenda dirisha namba 4." Hainuki kitini akakushika mkono. Unakwenda mwenyewe kwa miguu yako, na ukifika kule unaanza upya kujieleza. Kuelekeza ukurasa ni hivyo hivyo. Seva haimbebi mtu. Inakiambia kivinjari chake "nenda kule", na kivinjari ndicho kinachofunga safari, kikituma ombi jipya kabisa. Vituko vingi vya uelekezaji vinatokana na kusahau jambo hilo moja.

Sasa, hayo maneno "nenda kule" yanaandikwa wapi? Jibu la seva limepangwa kama barua rasmi. Juu kuna vichwa, kisha mstari mmoja mtupu, kisha mwili, yaani ule ukurasa wenyewe tunaousoma. Jibu la jamaa yangu lilipaswa kuanza hivi:

HTTP/1.1 302 Found
Location: /akaunti.php
Content-Type: text/html; charset=UTF-8

Agizo la kuhama linakaa kwenye vichwa, na vichwa hutangulia daima. PHP ikitakiwa kutoa herufi moja tu ya mwili, iwe neno, nafasi au mstari mtupu, inalazimika kutuma vichwa vyote kwanza, kuifunga sehemu hiyo, ndipo itoe herufi yenyewe. Ukija na header() baada ya hapo umechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

PHP hainyamazi jambo hilo likitokea, hutoa onyo. Ila kwenye seva za hewani maonyo huzimwa ili wageni wasiyaone, ndiyo maana yeye aliona weupe tu. Nikamwambia afungue faili la error_log kwenye seva yake anisomee mstari wa mwisho. Akanitumia huu:

PHP Warning: Cannot modify header information - headers already sent by (output started at /home/kikundi/db.php:1) in /home/kikundi/ingia.php on line 14

Onyo hilo linasema vichwa vilikwisha kutumwa, haviwezi kubadilishwa tena. Lakini tazama, lina anwani mbili. Ya mwisho, ingia.php mstari wa 14, ni mahali header() iliposhindwa. Hapo ndipo kila mtu hukimbilia, na jamaa yangu alikuwa amekesha hapo akiandika upya mstari ambao haukuwa na kosa lolote. Mkosaji ni anwani ya kwanza, mstari wa 1 wa db.php, faili linaloingizwa ndani ya ingia.php, mahali herufi ya kwanza ilipoponyoka. Ningekuwa na uwezo ningeligeuza onyo hilo, anwani ya mkosaji ije mwisho na kwa wino mwekundu.

"Mstari wa 1 una <?php tu," akasema. "Hamna kitu."

Hapo nikajua. Faili ikilaumiwa mstari wa 1 na macho hayaoni kitu, mtuhumiwa wa kwanza ni BOM. Hiyo ni alama ya baiti tatu, EF BB BF, ambayo baadhi ya programu za kuandikia huibandika mwanzoni mwa faili la UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Kwenye skrini haionekani, lakini kwa PHP ni maandishi kama maandishi mengine yaliyo nje ya <?php, nayo huyatoa kama yalivyo. Nikamuuliza amelihariri faili hilo kwa kitu gani. Akakumbuka: mchana alikuwa kwenye kompyuta ya zamani ya ofisini, akafungua Notepad abadilishe nenosiri la hifadhidata, akahifadhi kwa UTF-8. Notepad za zamani zilikuwa na tabia hiyo. Microsoft waliibadilisha mwaka 2019 kwenye Windows 10 toleo la 1903, tangu hapo UTF-8 ya kawaida haina BOM, lakini kompyuta za zamani bado zimejaa maofisini.

Kuhakikisha ni kazi ya sekunde kumi. Mwenye Linux anaandika head -c 3 db.php | xxd, na akiona efbb bf amemkamata mwizi. Mwenye VS Code atazame pembe ya chini kulia, ataona jinsi faili lilivyohifadhiwa, na anaweza kulibadilisha hapo hapo.

Ingekuwa si BOM, ningetafuta mstari mtupu juu ya <?php, au nafasi zilizobaki baada ya ?> mwishoni mwa faili. Hiyo ya mwisho ni hadaa kweli kweli, kwa sababu PHP humeza mstari mpya mmoja unaofuata ?> moja kwa moja, kwa hiyo ukiacha mmoja hakuna linalotokea, ukiacha wa pili mambo yanaharibika. Ndiyo maana kanuni za uandishi za PSR-12 zinaagiza faili lenye PHP tupu lisiwe na ?> kabisa. Kisichokuwapo hakiachi nafasi nyuma yake.

Lakini kwa nini kwake nyumbani ilikuwa ikifanya kazi? Nami nilitaka ajaribu. Akalishusha faili lile lile lenye BOM kwenye kompyuta yake yenye XAMPP, programu ya kuendeshea PHP nyumbani, na ukurasa ukahama bila tatizo! Siri ni mpangilio uitwao output_buffering. Ukiwashwa, PHP haitoi herufi papo hapo, inazikusanya kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, na XAMPP imeiweka baiti 4096. Baiti tatu za BOM zinakaa humo zikisubiri, vichwa bado havijatoka, na header() inapita. Seva yake ya hewani mpangilio huo ulikuwa umezimwa. Kosa lilikuwapo pande zote mbili, upande mmoja ulikuwa na mtungi wa kukingia tu.

Wapo watakaokwambia weka ob_start(), amri ya kuwasha bafa, juu ya kila faili umalize kesi. Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Binafsi siipendi ikitumiwa kufunika uchafu, maana siku jambo jingine litakapotoa maandishi mahali pasipotakiwa hutajua. Wengine huandika JavaScript ya kuhamisha ukurasa badala ya header(). Hiyo humfikisha mtu aendako, lakini kila asiyesoma JavaScript, mitambo mingi ya kukusanya kurasa ikiwamo, hataliona agizo.

PHP haiko peke yake katika hili. Node ya JavaScript hulalamika kwa ERR_HTTP_HEADERS_SENT, na Tomcat, seva ya Java, hukataa sendRedirect() jibu likishaanza kuondoka. Kwenye Django ya Python kosa ni la namna nyingine: redirect() hutengeneza tu jibu, na usipolirudisha kwa return halitumwi, ukaambiwa kwamba kazi (function) yako imerudisha None. Mafundi tofauti, barua ni ile ile.

Nikiwa bado naye kwenye simu nikamwomba anionyeshe faili la kinga.php, lile linalozuia wasioingia. Lilikuwa hivi:

if (!isset($_SESSION['mwanachama'])) {
    header('Location: /ingia.php');
}

Hapa niliogopa kuliko kwenye ukurasa mweupe. Kumbuka karani wetu: akishakwambia nenda dirisha namba 4, nani amemwambia aache kazi aliyokuwa akiifanya? header() huandika kichwa, haisimamishi programu. Mistari inayofuata inaendelea kutekelezwa kana kwamba mgeni ameruhusiwa. Mtumiaji wa kawaida hatajua kwa sababu kivinjari chake kinahama upesi bila kuonyesha mwili wa jibu. Anayetumia curl, amri ya kuvuta kurasa bila kivinjari, anausoma mwili wote: majina, akiba, madeni ya wanachama. Na kama ukurasa ni futa.php, rekodi inafutwa kwanza, kisha mgeni anaelekezwa kwa heshima akaweke nenosiri. Udhaifu huu una namba yake katika CWE, orodha ya aina za udhaifu wa programu, namba 698. Dawa ni neno moja chini ya header(): exit, wala usiliache ukidhani ni pambo.

Kuhusu namba ya 302 iliyo kwenye jibu, PHP huiweka yenyewe usipotaja nyingine. Maana yake ni "kwa sasa nenda kule". 301 ni "wamehama moja kwa moja", na vivinjari huikariri. Ukijaribu 301 kwa majaribio, ukakosea anwani, kisha ukairekebisha, kivinjari chako kinaweza kuendelea kwenda kule kwa zamani bila hata kuiuliza seva, nawe ukakaa unahariri faili ambalo halisomwi na mtu. Fungua dirisha la faragha, au futa kumbukumbu za kivinjari. Mimi hutumia 302 hadi niwe na uhakika.

Kwa fomu kuna 303, nayo inafaa zaidi kwa mfumo wa kikundi. Mwanachama akituma mchango wa shilingi 20,000 na ukurasa wa jibu ukabaki pale pale, akiupakia upya kivinjari kitataka kuituma fomu tena, na akikubali ana michango miwili. Ukimjibu kwa 303, kivinjari kinaenda ukurasa mwingine kwa ombi la kawaida la GET, na kuupakia upya hakuna madhara. Vivinjari vilizoea kufanya hivyo hata kwa 302, ingawa kanuni ya HTTP/1.0 ya mwaka 1996 haikukusudia hivyo. Ndipo zikaja 303 na 307 kutenganisha maana, na baadaye 308. Hizo mbili za mwisho hukiagiza kivinjari kisibadilishe namna ya ombi, kwa hiyo POST, ombi linalobeba fomu, inabaki POST.

Swali jingine ninaloulizwa sana: fomu imetumwa kwa fetch, amri ya JavaScript ya kutuma ombi bila kuhamisha ukurasa, seva imejibu vizuri na Location, ila ukurasa haujasogea. Rudi dirishani. Aliyekwenda kwa karani safari hii ni fetch, si ukurasa. fetch ikaambiwa nenda dirisha namba 4, ikaenda kimya kimya, ikarudi na HTML yote ya ukurasa wa pili mkononi. Ukurasa wenyewe haukutumwa popote. Inabidi JavaScript iuhamishe yenyewe baada ya kupata jibu.

Jamaa akaondoa BOM, akaweka exit, akapandisha. Dakika mbili baadaye akanitumia picha ya skrini: ERR_TOO_MANY_REDIRECTS.

Sikushangaa sana. Chrome hufuata maelekezo 20 mfululizo, kisha hukata tamaa na kuandika hivyo. Dirisha la kwanza linakutuma la pili, la pili linakurudisha la kwanza. Visababishi ninavyovikuta mara nyingi ni vitatu. Cha kwanza ni https: mbele ya seva kuna proksi, yaani seva ya kati, inayopokea https, kisha inaipelekea seva ombi kwa http, seva ikiona http inamrudisha mtu kwenye https, milele. Hapo inabidi seva isome kichwa cha X-Forwarded-Proto, tena kikitoka kwa proksi unayoiamini tu. Cha pili ni www: mtu kaingia kwenye anwani yenye www, kaelekezwa kwenye isiyo na www, na kidakuzi chake, alama inayomtambulisha, kimebaki kule alikotoka, kwa hiyo anaonekana mgeni tena na kurudishwa kule.

Cha tatu tulikikuta kwa curl -IL --max-redirs 5, amri inayoorodhesha vichwa vya kila kituo safarini. Kivinjari kingetuficha vituo hivyo. Mstari wa Location ulijirudia ule ule kila kituo: /ingia.php, /ingia.php, /ingia.php.

"Umeiingiza kinga.php kwenye ingia.php?" nikamuuliza.

Kimya kidogo. Katika kutapatapa jioni ile alikuwa ameiingiza kwenye kila faili la folda. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa ukimdai mtu awe ameshaingia. Halikuonekana mapema kwa sababu BOM ilikuwa ikizuia kila header(), pamoja na ile ya kinga, na fomu ikafunguka. Kosa la kwanza lilikuwa limeliziba la pili. Akafuta mstari mmoja kwenye ingia.php, na saa sita kasoro mwanachama wa kwanza akaona salio lake.