Riwaya yako ikisomwa warshani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukigawa sura zako warshani, waandishi wanapokutana kuhakiki kazi zao, wenzako wataiba hadithi.

Kwa sheria za Tanzania na Kenya, maandishi yako yana hakimiliki tangu ulipoyaandika, hata kabla ya kuyasajili. Wazo tupu halilindwi, lakini wazo tupu si riwaya. Hofu hii isikuzuie.

Dhana: Mwandishi hunyamazishwa ili atiwe adabu.

Desturi ya mwandishi kukaa kimya wakati wenzake wanaijadili kazi yake ilienezwa sana na warsha ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936. Sababu yake ina mashiko: msomaji wa Tabora akikinunua kitabu chako, hutakuwepo kumweleza kwamba mhusika wako Mzee Salehe alikuwa akitania. Kama ukurasa haukumwonyesha utani huo, basi haumo. Hata hivyo, ukimya si amri ya lazima. Mwaka 1990 mcheza ngoma Mmarekani, Liz Lerman, alianza kutumia utaratibu mwingine: wasomaji hutaja kwanza kilichowagusa, kisha mwandishi huuliza maswali yake, nao humuuliza yao bila kuficha hukumu ndani ya swali, maoni huja mwisho, tena kwa idhini ya mwandishi. Kwa rasimu changa naupendelea huu, kwa sababu mwandishi bado hajajua kitabu chake kinaelekea wapi.

Dhana: Kuhakiki ni kusahihisha Kiswahili.

Hapa ndipo warsha zetu zinapopotea, na inaniuma. Mtu analeta sura aliyoiandika kwa miezi, saa nzima inakwisha kwenye ngeli, nukta na "neno hili si sanifu". Anarudi nyumbani na karatasi iliyojaa wino mwekundu, wala hajui kama kuna aliyetaka kufungua sura inayofuata. Makosa ya tahajia yapo, na mhariri atayashughulikia kabla ya kitabu kwenda mtamboni. Tena mengi yanayosahihishwa si makosa. Bibi wa Makunduchi, Unguja, anayesema Kikae, lahaja ya huko, au kijana wa Eastlands, Nairobi, anayepiga Sheng, amepewa ndimi hizo makusudi. Ukiwasanifisha, wahusika wote wanaongea kama mtangazaji mmoja wa taarifa ya habari. Swali la kuuliza ni kama lugha hiyo inamstahili mhusika, na kama msomaji wa mbali anaweza kuifuata kwa muktadha. Baada ya hapo ulizeni mambo ya riwaya yenyewe: nani anasimulia, na amejuaje anayoyasimulia? Ni wapi ulitamani kuruka kurasa? Mhusika huyu anataka nini, na nani anamzuia?

Dhana: Wengi wakikubaliana, fuata wanachosema.

Watatu wakichoka kwenye ukurasa uleule, waamini kwamba pana tatizo. Dawa wanazotoa ni jambo jingine: mmoja atasema ufute, wa pili urefushe, wa tatu aletwe polisi. Mara nyingi kasoro iko nyuma ya hapo, kwa mfano kifo kisichomliza mtu kwa sababu marehemu hatukumjua vya kutosha sura mbili kabla.

Dhana: Wakikisifu kitabu chako, kimeiva.

Mwaka 1956 Mnigeria Chinua Achebe, akiwa London kwa mafunzo ya BBC, alimwonyesha mswada wake wa kwanza Gilbert Phelps, mwandishi aliyekuwa mmoja wa wakufunzi wake. Phelps alifurahi, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Achebe alikataa, aliona bado una kazi. Ulikuwa umebeba vizazi vitatu vya familia moja. Aliporudi Nigeria akaondoa viwili, akabaki na Okonkwo, babu wa familia hiyo, na kulijaza simulizi lake upya. Riwaya hiyo, Things Fall Apart, ikatoka 1958. Obi, mjukuu wa Okonkwo aliyeondolewa, alipata kitabu chake, No Longer at Ease, mwaka 1960.