Gazi ya pikipiki isiporudi, tafuta kwanza inapokwama

Motari (waendesha pikipiki) wengi wakinifikia hapa Ndosho, Goma, wanasema gazi (mkono wa kuongeza mwendo) hairudi, tayari wameshamwaga oili kwenye kebo, na wengine wamefunga kipande cha mpira wa tyubu ili kiivute. Ndugu zangu, huo mpira utoeni leo. Unaficha ugonjwa tu, na gazi ikikwama ukiwa unateremka mtaa wa Birere kwenye msongamano wa watu na chukudu (vyombo vya mbao vya kubebea mizigo), mtu anaweza kufa. Ikikutokea njiani, kamata klachi na uzime injini kwa swichi papo hapo.

Zima injini. Kunja gidoni (usukani) yote kushoto, fungua gazi, iachie. Rudia kulia, kisha katikati. Inatakiwa irudi yenyewe haraka, usikie "tak" kule kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Ikirudi vizuri katikati lakini ikasita gidoni ikikunjwa, kebo imepitishwa vibaya, imebanwa na tangi, au ni fupi.

Ikisita kila upande, chomoa kebo kwenye kabureta. Zungusha mkono wa gazi: ukiwa bado mzito, shida iko juu. Pikipiki ikianguka, ncha ya gidoni hupinda, au mpira wa kushikia husukumwa ndani ukasugua kasha la swichi. Uvute nje kidogo, ubaki mwanya wa milimita 1 au 2. Kisha vuta waya wa kebo huku na huku kwa vidole. Ukikwaruza, nyuzi zimeanza kukatika: nunua kebo mpya, usiiunge.

Kama huko juu pako sawa, fungua kifuniko cha kabureta. Hapa Goma ndipo ninapokuta shida mara nyingi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na vumbi jeusi tunalolipumua barabarani ni jiwe lililosagika, linakula chuma. Kile kimpira kinachofunika kebo juu ya kabureta kikipasuka, vumbi linashuka na waya hadi kwenye pistoni ya kabureta, ile inayobeba sindano. Itoe, igeuze juani: utaona mikwaruzo mirefu ubavuni. Ioshe kwa petroli na kitambaa safi. Msasa usiuguse kabisa, utaiharibu zaidi. Ikiwa imelika sana, badilisha. Springi yake nayo ikiwa imefupika au ina kutu, itupe.

Unapoirudisha, mfereji wa pistoni lazima uingie kwenye kijino kilichomo ndani ya kabureta. Usipoingia, pistoni haikai chini, na injini itanguruma kwa nguvu mara tu ukiiwasha.

Kebo itie oili nyepesi. Grisi nzito inakamata vumbi, na shida itarudi upesi. Mwisho rekebisha nati ya kebo hadi mkono wa gazi uzunguke bure milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta. Washa injini, iache iungurume taratibu, ukunje gidoni pande zote mbili. Mlio ukipanda, kebo bado inavutwa: ipitishe upya kabla hujapakia mteja.