Kubeba kamera mbili katika mbio za punda na zefe la Maulidi, Lamu

Mpiga picha anayekwenda kwenye mbio za punda Lamu na kamera moja analazimika kuamua mapema ni picha zipi atakazozikosa. Punda wanapochomoza mbali ukingoni mwa bahari, lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200 ndiyo inayomvuta mpandaji karibu na kumtenga na umati. Muda si muda punda yule yule yuko hatua tatu mbele yako, watoto wamemzunguka, na kinachohitajika sasa ni lenzi pana ya milimita 24 hadi 70. Kubadilisha lenzi wakati huo haiwezekani, na hata nafasi ingepatikana, upepo wa hapa hubeba mchanga na chumvi ambavyo havifai kukaribishwa ndani ya kamera. Ndiyo sababu tunabeba kamera mbili, kila moja na lenzi yake isiyotoka mpaka jioni.

Shida ni uzito, ingawa si uzito wenyewe bali mahali unapokaa. Kamera mbili za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), pamoja na lenzi hizo mbili za f/2.8, yaani zenye tundu kubwa la kuingizia mwanga, hukaribia kilo 3 na nusu, na zile za zamani zenye kioo huzidi hapo. Mtu mzima yeyote anaubeba mzigo huo bila taabu, ila ukining'inia shingoni kutwa nzima, misuli inayounganisha shingo na mabega hukaza muda wote ili kichwa kisivutwe mbele, na kufikia alasiri maumivu yamepanda hadi kisogoni. Kwa hiyo mikanda myembamba inayouzwa pamoja na kamera mimi huiacha ndani ya boksi lake.

Badala yake navaa mikanda miwili mipana ya kukatisha kifua, kila mmoja ukitoka bega moja hadi ubavu wa upande wa pili, na urefu wake haulingani. Kamera yenye lenzi ndefu inavaliwa kwanza: mkanda wake unakaa bega la kushoto, na kamera inashuka hadi nyongani upande wa kulia, pale mkono wa kulia unapofika wenyewe ukiuteremsha. Kamera yenye lenzi pana inavaliwa juu yake, kwa mkanda mfupi kutoka bega la kulia, nayo inatulia kwenye mbavu za kushoto, chini kidogo ya kifua. Kwa kuwa moja iko juu na nyingine chini, hazigongani, na kwa kuwa kila moja ina mahali pake pasipobadilika, mkono unaipata bila jicho kuacha kuangalia tukio. Mkanda mfupi unakaa juu kwa sababu kamera hiyo ndiyo ninayoivua mara nyingi, ninapotaka kuinyanyua juu ya vichwa vya watu.

Urefu wa mkanda upimwe ukiwa umesimama wima. Inua kamera mpaka jichoni: mkanda mzuri ni ule ambao kamera inateleza juu yake huku pedi ya begani ikibaki palepale. Pedi ikivutwa kuelekea kifuani, mkanda ni mfupi. Kamera ikigonga paja kila unapopiga hatua, ni mrefu. Wenzangu wa kike wanaovaa buibui hulalamika kwamba pedi haikai juu ya kitambaa kile laini, na ufumbuzi wao ni kushona kipande cha mpira upande wa chini wa pedi. Nimeuiga, kwa sababu kanzu iliyolowa jasho nayo huteleza.

Najua wapo wanaosifu mikanda ya ngozi inayovaliwa mabega yote mawili kama fulana, kamera moja kila nyonga. Inagawa uzito vizuri kuliko mtindo wangu, sibishi. Lakini Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda mwenye shehena ya mawe akipita, mtu hujibanza ukutani. Kamera mbili zilizotokeza nyongani zinakuongezea upana kulia na kushoto, na kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, hazina huruma na kioo cha lenzi. Katika zefe la Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, watu wamebanana bega kwa bega, matari yanapigwa, na unarudi kinyumenyume mbele ya msafara; hapo wembamba wa mwili una thamani kuliko starehe ya mgongo. Tena ngozi huota ukungu haraka kwa unyevu wa kisiwani.

Kiungio ndicho kinachostahili wasiwasi wako. Mikanda mingi ya namna hii hufungwa kwa skrubu kwenye tundu la chini ya kamera, lile lile la stendi ya miguu mitatu, na mtikisiko wa kutembea huilegeza skrubu kidogo kidogo bila wewe kuhisi. Iguse kwa kidole kila unapopumzika, na ongeza kamba fupi ya akiba kutoka kwenye pete ya pembeni ya kamera hadi kwenye mkanda. Lenzi ndefu yenye mguu wake, yaani kile kipande cha chini cha kuifungia kwenye stendi, ifungwe kwa mguu huo, ili uzito usiining'inie kamera mahali inapoungana na lenzi. Lenzi pana ikiwa na kifungio cha kuizuia isijirefushe inapoelekea chini, kitumie. Vifuniko vya mbele vibaki mfukoni.

Unapokimbia, mkono wa kushoto uikumbatie kamera ya kifuani na wa kulia uibane ile ya nyongani, kwani kamera isiyoshikwa hugeuka nyundo, na anayepigwa ni mtoto aliyesimama kando yako.

Katika mashindano ya mashua utaratibu ni mwingine. Ukipiga picha kutoka chomboni, jaketi la kuokolea maisha livaliwe kwanza na mikanda juu yake, kamwe si kinyume chake, ili ukitumbukia uweze kuzivua kamera kwa kupitisha kichwa tu. Mimi huko hubaki na lenzi ndefu mwilini, na ile ya pili huiweka ndani ya mfuko usioingiza maji miguuni pangu, maana chombo kikilala upande mmoja unahitaji mkono mmoja huru wa kujishikilia.

Jioni, kabla ya kuhamisha picha, vifutie viungio vya chuma kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ukaushe. Chumvi huingia kwenye springi ya ndoano inayounganisha mkanda na kamera na kuifanya isijifunge hadi mwisho, hitilafu ambayo jicho halioni lakini kidole kinaitambua. Ndoano ya namna hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.